Viambishi vya uhusika na vya umilikaji katika Kikarachai-Balkari: alama hubebwa na mwenye mali au na mali yenyewe?

Nyar Kisumo (Kisumu)

Hamjambo nyote. Ninasomea shahada ya uzamili ya isimu katika Chuo Kikuu cha Maseno, na muhula huu kila mmoja wetu darasani amepewa lugha ngeni ili achambue mofolojia ya nomino zake na kuilinganisha na lugha mbili alizokua nazo. Mimi nimepangiwa Kikarachai-Balkari, lugha ya jamii ya Kituruki, tawi la Kipchak, inayozungumzwa nchini Urusi kwenye miteremko ya kaskazini ya milima ya Kaukazi, katika jamhuri za Karachai-Cherkesia na Kabardino-Balkaria, na vilevile na wazao wa wahamiaji walioko Uturuki. Lugha nitakazoilinganisha nayo ni Kiswahili na Dholuo.

Nomino za lugha hii hazina ngeli wala jinsia, na kivumishi hakipatani na chochote: neno ullu, yaani -kubwa, hubaki ullu hata nomino ikibadilika namna gani. Mzigo wote huwekwa mwishoni mwa nomino. Nikichukua neno üy, nyumba, ninapata üy ikiwa kiima, üynü ikiwa yambwa, yaani kitu kinachotendwa, üynü tena ikiwa ndiyo inayomiliki kitu, üyge kwa kuelekea, üyde kwa kuwamo, na üyden kwa kutoka. Kando ya hizo hali sita, ambazo ndizo ziitwazo uhusika, kuna viambishi vya umilikaji: üyüm ni nyumba yangu, üyüng' yako, üyü yake, üyübüz yetu, üyügüz yenu. Lugha yenyewe huandikwa kwa herufi za Kikirili. Hapa ninatumia za Kilatini, na ng' nimeiweka kwa sababu sauti hiyo ni ile ile ya ng'ombe. Herufi ü ni kama i inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa, ı isiyo na nukta hutamkwa nyuma ya kinywa bila kuviringa midomo, na q ni k inayotokea karibu na koo.

Ninalokwama nalo ni hili. Ikiwa yambwa na mmiliki wana umbo moja, üynü na üynü, msikilizaji hutambuaje kinachomaanishwa? Pili, viambishi vya umilikaji na vya uhusika vikikutana katika neno moja, nini hutangulia, na kwa nini katika nafsi ya tatu huibuka n ambayo siioni katika nafsi ya kwanza: üyümde, nyumbani mwangu, lakini üyünde, nyumbani mwake? Mwisho, je, ni halali kulinganisha hali hizi na kiambishi chetu -ni cha nyumbani na shambani? Nitashukuru kwa maelezo marefu, kwa maana majedwali ninayo tayari na hayajanitoshea.

Mwalimu Mstaafu (Nakuru)

Dada, swali lako ni zuri, na nadhani ugumu wote unaouona una chanzo kimoja, kwa hiyo nitakaa hapo kwa muda kabla ya kugusa mengine.

Kiswahili kikitaka kusema nyumba ya Aslan, huweka kiunganishi katikati, na kiunganishi hicho hupatana na nyumba. Aslan mwenyewe habadiliki, na neno nyumba nalo halibadiliki. Katika Kikarachai-Balkari hakuna neno la katikati. Badala yake alama huwekwa pande zote mbili: Aslannı üyü. Aslan amepewa -nı kuonyesha kwamba yeye ndiye mwenye kitu, na nyumba imepewa -ü kuonyesha kwamba ni ya mtu fulani wa nafsi ya tatu. Ukiifasiri kipande kwa kipande utapata kitu kama "ya-Aslan nyumba-yake". Hiyo -ü ya mwisho ndiyo itakayokuokoa unapokutana na -nı na hujui ni yambwa au ni mmiliki.

Tazama jozi hii. Aslannı kördüm maana yake ni nilimwona Aslan. Aslannı üyün kördüm maana yake ni niliiona nyumba ya Aslan. Neno Aslannı ni lile lile katika sentensi zote mbili, kwa herufi na kwa sauti. Kinachotofautisha ni kwamba katika ya pili linafuatwa na nomino iliyobeba kiambishi cha nafsi ya tatu, na kiambishi hicho kinamdai mwenye mali. Msikilizaji akishakisikia, anamrudia Aslan na kumweka katika nafasi ya mmiliki. Katika sentensi ya kwanza hakuna nomino inayomdai mtu, kuna kitenzi tu, basi Aslan anabaki kuwa yambwa. Kwa hiyo ukitaka kujua kazi ya -nı, usiitazame yenyewe, tazama neno linalofuata.

Viwakilishi hufuata njia hiyo hiyo. Meni kördü ni aliniona. Meni üyüm ni nyumba yangu. Umbo meni ni moja, na -üm ndiyo inayoamua.

Sitaki udhani kwamba utata hautokei kamwe. Chukua sentensi Aslannı atası kördü, ambamo ata ni baba na -sı ni kile kile kiambishi cha nafsi ya tatu kinapofuata irabu. Kwa muundo wake inaruhusu kusomwa kwa namna mbili: baba yake Aslan aliona, au Aslan alionwa na baba yake. Katika usomaji wa kwanza Aslannı na atası ni kikundi kimoja. Katika wa pili ni vikundi viwili, na yule baba ni kiima kinachosimama peke yake. Muktadha, mpangilio wa maneno na kiimbo ndivyo vinavyomaliza shauri. Ningekuwa wewe, ningeiweka sentensi hii katikati ya makala yako, maana inaonyesha mfumo mzima ukifanya kazi na mahali unapofikia mpaka wake.

Kuhusu mpangilio, kanuni haina ubaguzi unaopaswa kukusumbua: mzizi, kisha wingi, kisha umilikaji, kisha uhusika. Üy-ler-im-de ni katika nyumba zangu. Hapo utaona jambo dogo la kupendeza. Wingi wa kawaida katika lugha hii ni -la au -le, bila r, kwa mfano üyle, nyumba, na atla, farasi wengi, tofauti na lugha nyingi za jamii yake zilizobaki na -lar na -ler. Lakini kiambishi cha umilikaji kikifuata, ile r iliyopotea hurejea: üylerim, atlarım. Kiambishi cha uhusika peke yake hakiirejeshi, ndiyo maana ni atlagha, kwa farasi hao, bila r, lakini atlarıma, kwa farasi wangu, yenye r.

Swali la n nitalirudia nikipata wasaa, wengine nao wachangie.

Mwana wa Bungoma (Bungoma)

Mwalimu ameeleza vyema, nami nitajibu swali la tatu peke yake, kwa sababu ndilo ambalo wengi hulichukulia kirahisi.

Sioni kwamba -ni ya Kiswahili ni uhusika kwa maana ile ambayo -ge, -de na -den ni uhusika. Sababu ya kwanza ni kwamba -ni haichagui upande: ninaenda nyumbani, ninakaa nyumbani, ninatoka nyumbani. Kazi ya kutofautisha kuelekea, kuwamo na kutoka imeachiwa kitenzi. Majina ya miji hayahitaji hata hiyo -ni, maana tunasema ninatoka Kisumu na ninaenda Kisumu. Mtu wa Kaukazi hana ruhusa hiyo. Lazima aseme Nalchikge akienda Nalchik, Nalchikde akiwa huko, na Nalchikden akitoka, hata kama kitenzi chenyewe kimekwisha kueleza mwendo.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi. Neno nyumba likipata -ni huhama ngeli. Hatusemi tena nyumbani yangu; tunasema nyumbani kwangu, nyumbani mwangu au nyumbani pangu, na tofauti ya maana imo katika kile kimilikishi. Yaani -ni inabadilisha upatanisho wa sentensi. Katika Kikarachai-Balkari hakuna upatanisho wa nomino wa kubadilisha, na üyde inabaki kuwa nomino ile ile ya üy yenye alama ya mahali. Sisi tunaozungumza Lubukusu tunaliona jambo hili waziwazi, kwa sababu mahali kwetu huonyeshwa kwa kiambishi awali, kama katika munju, ndani ya nyumba, na viambishi hivyo ni ngeli kamili. Kiswahili kilibaki na kazi ya ngeli hizo na kuziweka nyuma ya mkia wa -ni.

Kwa hiyo, dada, ukizilinganisha, sema kwamba zote mbili huonyesha mahali, lakini usiziweke chini ya jina moja la kinahau.

Nyar Kisumo (Kisumu)

Asante sana, Mwalimu, na asante ndugu wa Bungoma. Maelezo yenu yamenifungua macho kwa upande wa Dholuo pia, na ninaomba niyaeleze hapa ili mnisahihishe.

Dholuo ina viambishi vya umilikaji vinavyofanana kwa nafasi na vile vya Kikarachai-Balkari. Ot ni nyumba. Oda ni nyumba yangu, odi yako, ode yake, odwa yetu, odu yenu, odgi yao. Hata konsonanti hubadilika: t ya ot inakuwa d kiambishi kinapofuata, na katika Kikarachai-Balkari ninaona kitap, kitabu, ikiwa kitabım, kitabu changu, na tayaq, fimbo, ikiwa tayaghım. Sidai kwamba kanuni ni moja, maana katika Kikarachai-Balkari konsonanti hulainika kwa kuwa imejikuta kati ya irabu mbili, na katika Dholuo mabadiliko hayo yamefungamana na umbo la umilikaji lenyewe.

Tofauti ninaiona pale mmiliki anapotajwa kwa jina. Sisi husema od Otieno. Nyumba imebadilika kutoka ot hadi od, lakini haina -e ya nafsi ya tatu, na Otieno hana alama yoyote. Kumbe kuna njia tatu kwa jambo moja: Kiswahili huweka kiunganishi katikati, Dholuo hubadilisha kinachomilikiwa, na Kikarachai-Balkari hutia alama kinachomilikiwa pamoja na mmiliki.

Nina swali jingine. Kiswahili chenyewe kina babangu, mamake, mwanawe, mkewe na nduguze. Je, hivi navyo nivihesabu kuwa viambishi vya umilikaji, au nivichukulie kama vifupisho tu vya baba yangu na mama yake?

Arap Njoro (Njoro, Nakuru)

Nitaandika kwa ufupi, kwa kuwa ninaingia darasani.

Kabla hujaandika kwamba lugha za Kenya hazina uhusika, kumbuka Kalenjin. Katika Kinandi na Kikipsigis, nomino iliyo kiima hutofautishwa na nomino hiyo hiyo ikiwa yambwa, na tofauti iko kwenye toni. Maandishi ya kawaida hayaonyeshi toni hiyo, na ndiyo sababu watu wanaosoma vitabu tu hudhani haipo. Jambo lingine la kuzingatia ni kwamba umbo lenye alama ya pekee ni la kiima, na umbo la yambwa ndilo linalotumika mtu anapotaja neno peke yake. Kikarachai-Balkari ni kinyume, maana huko kiima ndicho kisicho na kiambishi chochote. Makala yako inahusu Kiswahili na Dholuo, lakini aya moja juu ya jirani zako wa Nandi na Kericho ingeipa uzito.

Mwalimu Mstaafu (Nakuru)

Nimerudi. Ndugu wa Njoro amegusa jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa isimu katika kaunti zetu alijue, na ninaliunga mkono bila kulirudia.

Kuhusu babangu na mamake: vihesabu kuwa viambishi, ila eleza mipaka yake. Mwanawe si ufupisho wa kutamka haraka. Ni umbo kamili lenye historia, na nduguze linapatana na wingi wa ndugu ndani ya neno lenyewe. Lakini katika nathari ya leo maumbo haya yamebaki kwa jamaa na watu wa karibu, kama mwenzangu na wenzetu. Washairi wa kale waliyapeleka mbali zaidi, hata kwa vitu, lakini mtu wa Nakuru leo hatasema nyumbaye akaeleweka upesi. Katika Kikarachai-Balkari hakuna mpaka wa namna hiyo: til, lugha, inakuwa tilim, el, kijiji, inakuwa elim, qol, mkono, inakuwa qolum, mlima, siku, mawazo, yote hupokea viambishi hivyo hivyo.

Hapo hapo ona jinsi irabu inavyobadilika: tilim, qolum, üyüm, na kwa at, farasi, ni atım. Kiambishi ni kimoja chenye sura nne, na irabu ya mzizi ndiyo inayochagua sura. Viambishi vyenye irabu pana, kama -da na -de, vina sura mbili tu. Mwanafunzi wa Kiswahili hapaswi kuogopa jambo hili, kwa sababu sisi husema pikia lakini somea, fungia lakini chezea, na hatukumbuki hata kwamba tunafuata kanuni.

Sasa tuje kwenye ile n. Viambishi vya nafsi ya kwanza na ya pili huishia kwa konsonanti, na uhusika huungana navyo moja kwa moja: üyüm, üyümde, üyümden, na kwa kuelekea ni üyüme. Kiambishi cha nafsi ya tatu huishia kwa irabu, -ü au -sı na sura zake nyingine, na kati ya irabu hiyo na kiambishi cha mahali au cha mwendo huingia n: üyünde, üyünden, üyüne. N hii imeenea katika lugha nyingi za jamii hiyo. Hata Kituruki cha Uturuki husema evinde, nyumbani mwake, na evimde, nyumbani mwangu. Hutokea pia katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu: ol ni yeye, lakini anda ni kwake, na andan ni kutoka kwake. Ichukulie kuwa sehemu ya nafsi ya tatu inayojificha neno linapoishia hapo, na kujitokeza linapoendelea. Hapo ndipo sikio la Mkenya linapofaidika, kwa sababu üyüne, kwenye nyumba yake, na üyüng'e, kwenye nyumba yako, hutofautiana kwa n na ng' tu, na mtu aliyezoea kutenganisha nane na ng'ambo hatazichanganya.

Kuna zawadi ndani ya nafsi hiyo ya tatu ambayo majedwali mafupi huificha. Nilisema kwamba mmiliki na yambwa wana umbo moja. Baada ya kiambishi cha nafsi ya tatu hutengana: yambwa hupokea -n peke yake, na mmiliki hupokea -nı kamili na sura zake. Atasın kördüm ni nilimwona baba yake, na atasını üyü ni nyumba ya baba yake. Ndiyo sababu katika mfano wangu wa awali niliandika üyün kördüm. Ukiandika kwenye makala yako kwamba hali hizo mbili zimeungana moja kwa moja bila kutaja nafsi hii, msomaji anayeijua lugha atakukosoa, na atakuwa na haki.

Jambo la mwisho kwa leo, ambalo hukuliuliza lakini litakukabili ukianza kusoma matini. Yambwa haipati -nı kila mara. Kitap oqudum ni nilisoma kitabu, kitabu chochote, nilikuwa katika kazi ya kusoma. Kitapnı oqudum ni nilikisoma kile kitabu. Unaona nilivyolazimika kutumia -ki- katika tafsiri ya pili. Kiswahili hubeba tofauti hiyo ndani ya kitenzi, kwa kuingiza au kuacha kiambishi cha yambwa, na Kikarachai-Balkari huibeba kwenye nomino. Kwangu mimi huu ndio ulinganisho wenye manufaa kuliko ule wa -ni, na ningeupa kurasa nyingi zaidi.

Mwana wa Bungoma (Bungoma)

Mwalimu, ninakubaliana nawe juu ya -ki-, kwa sharti moja: mifano iwe ya vitu, isiwe ya watu au wanyama. Ukisema nilimwona farasi, -m- ile hudaiwa na uhai wa farasi kwa kiasi kikubwa, hata kama farasi huyo hajulikani, na ulinganisho unavurugika. Kitabu, shamba, barua na nyumba ni salama.

Ningeongeza pia kwamba uhusika hutawaliwa na kitenzi kwa namna ambayo tafsiri ya Kiswahili haidokezi. Sisi husema anamwogopa mbwa, na mbwa ni yambwa ya kawaida. Wao husema itden qorqadı, yaani hofu inatoka kwa mbwa, kwa kiambishi kile kile cha kutoka nyumbani. Kadhalika mang'a qaradı ni alinitazama, lakini mang'a ni umbo la kuelekea: macho yalielekea kwangu. Na atxa mindi, alimpanda farasi, hutumia kuelekea pia, kwa -xa, sauti ya kh, kwa sababu at huishia kwa konsonanti isiyo na ghuna, yaani isiyotetemesha nyuzi za sauti. Kwa hiyo kila kitenzi kipya kiandikwe daftarini pamoja na uhusika wake, la sivyo mtu atajaza sentensi zake -nı mahali pasipotakiwa.

Nyar Kisumo (Kisumu)

Sasa ninaelewa. Naomba mnipimie uchambuzi huu kabla sijaendelea. Nimeunda kirai Aslannı atasını üyünden, nacho ninakisoma hivi: Aslan-nı, Aslan akiwa mmiliki, ata-sı-nı, baba, wake, naye akiwa mmiliki kwa upande wake, üy-ü-n-den, nyumba, yake, n ya nafsi ya tatu, kutoka. Jumla yake ni kutoka nyumba ya baba yake Aslan. Kila mwenye mali ana -nı, kila mali ina alama ya mwenyewe, na baba ana zote mbili kwa kuwa ni wa Aslan na papo hapo ana nyumba.

Halafu nina wasiwasi mmoja wa mpangilio. Kiswahili katika nyumbani mwangu hutanguliza mahali, kisha umilikaji. Kikarachai-Balkari katika üyümde hutanguliza umilikaji, kisha mahali. Je, mpangilio huo wa pili ndio wa lugha zote zenye viambishi tamati vya aina hizi mbili?

Mwalimu Mstaafu (Nakuru)

Uchambuzi wako ni sahihi kipande kwa kipande, na umeeleza vizuri kwa nini baba ana alama mbili.

Kuhusu mpangilio, la, si wa lugha zote. Kihungaria hufuata njia ya Kikarachai-Balkari: házamban ni nyumba, yangu, ndani. Kifini hugeuza: talossani ni nyumba, ndani, yangu. Wataalamu wengi huziweka lugha hizo mbili katika jamii moja, na bado zimetofautiana katika jambo hili, kwa hiyo usiandike kwamba mpangilio mmoja ni wa asili kuliko mwingine. Andika tu kwamba jamii ya Kituruki imeshikamana na ule wa umilikaji kutangulia. Na kwa Kiswahili taja kwamba mwangu ni neno linalojitegemea lenye upatanisho wake, si kiambishi cha pili juu ya nyumba, kama ndugu wa Bungoma alivyoonyesha. Bila tahadhari hiyo utakuwa unalinganisha neno moja na mawili.

Kuna kipengele kimoja ambacho ningekuomba ukiongeze. Lugha hii haina kitenzi chetu cha kuwa na. Kusema nina farasi, hutumia umilikaji ule ule tuliouzungumzia: meni atım bardı, kwa maana ya farasi wangu yupo. Kukanusha hubadilisha bar peke yake, na hapo utakutana na tofauti ya lahaja, kwa kuwa neno la kukanusha huanza kwa dj katika maandishi ya Karachai na kwa j laini katika yale ya Balkari: djoqdu na joqdu. Mzigo wote wa kumiliki unabaki kwenye -ım ya farasi. Ukiweka mfano huo baada ya Aslannı üyü, msomaji ataona kwamba viambishi vya umilikaji hubeba pia sentensi nzima, kazi ambayo sisi tunaitolea kitenzi na kihusishi.

Matini utakazosoma zitakuwa za Kikirili, hivyo jizoeze mapema: ю ni ü, ё ni ö, ы ni ı, къ ni q, гъ ni gh, нг ni ng'. Baada ya hapo юйюнден itasomeka kwako bila kusita, na utaweza kuikata mwenyewe.

Nyar Kisumo (Kisumu)

Nimeikata: юй-ю-н-ден. Nimeandika pia meni atım bardı katika sehemu ya tatu, na mifano ya yambwa nimeibadilisha yote iwe ya vitabu na barua. Aya ya Kalenjin nitaiandika wiki hii baada ya kumsikiliza mwenzangu wa Kapsabet akitamka jozi za kiima na yambwa, kwa sababu sitaki kuandika juu ya toni ambayo sijaisikia kwa masikio yangu. Ndugu wa Njoro, ukimaliza vipindi vyako, ningeomba unipendekezee nomino mbili au tatu ambazo tofauti hiyo husikika wazi kwa mtu asiyezaliwa katika lugha.

Arap Njoro (Njoro, Nakuru)

Anza na majina ya watu, kisha nenda kwa mbwa na ng'ombe. Mwambie mwenzako aseme sentensi zenye majina mawili ambapo kila jina linaweza kuwa mtendaji, kisha abadilishe nafasi za majina hayo bila kubadilisha maana. Akifanya hivyo utasikia jina moja likibeba toni ile ile popote litakapowekwa, na hapo utakuwa umemtambua kiima. Mrekodi kwa simu, maana hatairudia vivyo hivyo ukimwomba aseme polepole.